Sisimizi wa Nyuma ya Nyumba ya Nyachira

Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza. Nalisema mapema ili mtu asije akanidhania vingine. Katika boma letu karibu na soko la Rodi Kopany, nyumba yangu ndiyo iliyotazama lango, na hakuna aliyetia mbegu shambani kabla sijatia yangu. Chochote alicholeta mume wangu kutoka sokoni kiliingia kwangu kwanza, nami nikakigawa. Sukari hasa. Miaka ile ya sitini sukari ilikuwa kitu cha wageni, na kijiko cha kuipimia kilikaa kwangu.

Kisha akaoa nyachira, mke wa pili, kutoka Muhuru Bay. Alikuwa na shingo ndefu na kicheko cha chini chini. Mume wangu, ambaye kwangu alikula kimya kama mtu aliyefiwa, kule kwake alipiga hadithi hadi nikamsikia nikiwa jikoni mwangu. Kijiba cha roho kilinishika.

Msimu mmoja wa palizi nyachira akaanza kukonda. Alikunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na bado midomo ilimkauka. Mume wangu akawa anamtekea maji mwenyewe. Hebu fikiria, mwanamume mzima wa Kijaluo na ndoo mkononi! Mimi niliyemzalia wana sikuwahi kuletewa hata kikombe.

Asubuhi moja nikienda kukamua nilipita nyuma ya nyumba yake, nikaona sisimizi. Walitoka kwenye ua wa minyaa wakaenda hadi pale udongo ulipolowa karibu na ukuta, wamejaa tele. Nikajua papo hapo kwamba ni sukari. Anamletea kwa siri, bila kupitia kwangu, tena ni nyingi hata anaimwaga! Nilichimba kwa kijiti nisione kitu. Nikasema ameihamisha.

Kesho yake walikuwepo tena. Nikamwita mume wangu, nikamwita na nyachira mwenyewe, nikawaonyesha kwa kidole.

"Sukari ya nyumba hii inaingilia mlango gani siku hizi?" nikauliza.

Mume wangu alinitazama kana kwamba nimepandwa na pepo. Nyachira akainamisha kichwa.

"Mikayi, hapo ndipo ninapokojoa usiku," akasema. "Choo ni mbali, na siku hizi mkojo haunipi nafasi."

Nilicheka kwa dharau. Tangu lini sisimizi wakafuata mkojo? Nikajifunga kanga, nikaenda Rodi kwenye duka la Mhindi kuuliza kama mume wangu hununua sukari kisirisiri. Mwenye duka akaapa kwamba hajamuuzia. Lakini mama yake, bibi kizee aliyekaa nyuma ya mizani, akaniita karibu. Bibi huyu tulimjua kwa dawa za kwao. Alikuwa akituma watu waje kuomba mkojo wa ng'ombe mtamba, asiyezaa bado, akauchemsha na kuunywa, nasi tukamcheka, ingawa vibuyu vyetu vya maziwa tulivisuuza kwa mkojo huo huo.

"Sisimizi nakuja mingi?" akauliza. "Yeye nakunywa maji, nakunywa, hapana shiba?"

Nikasema ndiyo.

"Nakonda?"

"Amebaki shingo tu."

Bibi akaacha kutabasamu. "Mama, hii hapana sukari ya duka. Sukari iko ndani ya mkojo. Dawa ya zamani ya kwetu najua hii: mkojo kama asali, sisimizi nakuja. Mimi hapana weza. Peleka yeye hospitali upesi, atakufa."

Nilirudi polepole. Njia nzima nilijua kwamba nikinyamaza, boma litakuwa langu peke yangu tena. Wala sitaki kujifanya malaika, wazo lile nililitembeza hadi langoni. Kilichonifungua mdomo ni kwamba bibi angemwambia mume wangu siku yoyote atakayofika dukani, na mimi sikuwa tayari habari kubwa kama ile iingie bomani bila kupitia kwangu. Nikamwambia kabla sijaketi.

Tukaenda hospitali ya Homa Bay, na mimi nikiwemo, maana mikayi habaki nyuma. Mganga alitia mkojo wa nyachira kwenye kichupa chenye dawa ya bluu, akakichemsha juu ya moto mdogo. Ile bluu ikageuka kijani, kisha manjano, kisha nyekundu kama tofali. Mume wangu akashika ukuta.

"Na wangu je?" nikauliza.

Mganga alishangaa, lakini akanipima. Ukachemka weee, ukabaki bluu vile vile. Akanipongeza. Nami roho iliniuma. Hata mkojo wake ulikuwa mtamu kuliko wangu.

Siku hizi wanachovya kikaratasi tu na jibu linatoka, na kila nikikiona kile kikaratasi namkumbuka yule bibi na sisimizi wangu. Nyachira alipewa vidonge, akakatazwa sukari kabisa. Akapona kiasi cha kurudi shambani na kucheka kile kicheko chake.

Jioni ile tuliporudi, mume wangu alichukua sukari yote iliyokuwa bomani, hata ile kidogo niliyokuwa nimemgawia nyachira, akaileta kwangu akaiweka mezani.

"Yote ni yako sasa, Mikayi," akasema.

Nikabandika chai. Nikaitia sukari nyingi kuliko nilivyowahi kumtilia mtu yeyote, nikatoa vikombe vya wageni, nikamwita. Alijibu kutoka nyumba ya nyachira kwamba amekwisha kunywa chai huko. Aliinywa kavu, bila sukari, ili mwenzake asiinywe hivyo peke yake.

Nami nikaketi na chai yangu tamu, nikainywa yote.