Pikapu Yetu Ilipogoma Kuchanganya

Masika yalipokaribia, binti yetu alirudi kwetu Mtunda akiwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alimpata kwa upasuaji, na muuguzi alikuwa amemwonya waziwazi: huyu wa pili usijaribu kumzaa nyumbani, uchungu ukianza tu nenda hospitali, Kibiti. Gari la kumpeleka lilikuwa moja, pikapu niliyoachiwa na mdogo wangu, ya kisasa, yenye taa nyingi mbele ya dereva kuliko msikiti wetu. Nilimshukuru Mungu kwa pikapu ile. Kisha ikaanza kugoma.

Haikuzimika. Ila siku nyingine, kwenye mwinuko wa mchanga kabla ya kuikuta lami, nilikanyaga mafuta hadi mwisho na isichanganye mwendo. Ilijikokota tu, huku vijana wa bodaboda wakinipita.

"Shehe, shuka uisukume! Utawahi adhuhuri!"

Kesho yake ilipanda kama si yenyewe.

Nikaipeleka kwa fundi wa Kibiti, Mkristo mmoja kutoka bara, ambaye hakuwahi kushika spana kabla hajaniamkia. Akachomeka mashine yake ya kupimia. "Mzee, haina kosa hata moja." Akaizungusha barabarani, akarudi. "Inakimbia kama swala hii."

Tulidhani ni dizeli chafu, akabadili chujio. Niliporudi tena akasafisha njia ya hewa. Mara nyingine akakagua nyaya za pedeli ya mafuta, maana katika magari haya, alinieleza, mguu hauvuti waya kama zamani. Unapeleka habari kwenye kompyuta, na habari isipofika gari halikusikii. Nyaya zilikuwa nzima. Akiijaribu yeye inatii, nikikaa nayo siku chache inagoma.

"Basi gari limenikataa," nilimwambia mke wangu.

"Gari lina moyo gani wa kumkataa mtu? Omba dua, na fundi usimwache."

Nilifanya yote mawili. Binti yetu nilimwona akiitazama pikapu pale uani kama mtu anavyomtazama mgeni asiyemwamini.

Mwishowe fundi akasema, "Mzee, siku zote naijaribu kwa mwendo wangu. Safari hii nakuja Mtunda, uendeshe wewe kama ulivyozoea. Mimi nikae tu."

Akaja asubuhi, na mke wangu akapanda nyuma kwa kuwa alikuwa na haja sokoni. Nikavua makubazi, nikayasukuma chini ya kiti, nikaweka miguu mitupu juu ya mkeka. Mkeka huo alikuwa ameusuka mke wangu kwa ukindu, mnene, wenye pindo gumu, ili tope la kwetu lisiharibu sakafu. Tangu auweke, sikuwahi kuukanyaga kwa viatu.

Kwenye mwinuko, pikapu ikagoma.

"Umekanyaga mwisho?"

"Mwisho kabisa."

"Niwie radhi, Mzee." Akainama, akapenyeza mkono karibu na mguu wangu, akapapasa chini ya pedeli. Kisha akaanza kucheka peke yake. Pindo la mkeka lilikuwa limetambaa kidogo kidogo hadi likajikunja nyuma ya pedeli. Nilipokuwa nikikanyaga, pedeli iligota kwenye ukindu, nami nikadhani ndio mwisho.

"We fundi," mke wangu akauliza, "umeingia humu mara zote hizo, hukuuona?"

"Nimeuona, Mama. Kila nikitaka kuendesha naukunja, nauweka nyuma. Nikimaliza naulaza vizuri mahali pake. Nilidhani ni wa kuswalia, ningeukanyagaje na mabuti ya oili?"

"Wa kuswalia! Mtu anauweka miguuni akienda kununua pweza?"

"Mama, Mzee anavua viatu kuingia garini. Mimi ningejuaje?"

Tukacheka hadi machozi. Adabu yake na adabu yangu zilikuwa zimekificha kile ambacho mashine haikuweza kukiona. Nikauvuta mkeka, nikautupa nyuma, na pikapu ikapanda.

Uchungu ulimwanza binti yetu siku ya Ijumaa, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Mama yake alimshika kwenye kiti cha nyuma. Mwinuko ulipotokea nilikanyaga mafuta, na safari hii mguu ukaenda hadi chini, juu ya sakafu tupu. Pikapu ikanguruma, ikapanda na tope lake. Sikuthubutu kusema Alhamdulillahi mpaka tulipoikanyaga lami.

Akajifungua mtoto wa kike kwa upasuaji, salama wote wawili. Nikautoa ule mkeka, nikautandika pembeni mwa baraza ya hospitali, nikaswali, kisha nikabaki nimeketi. Fundi alipokuja kutupa hongera alisimama ukingoni, akaangalia mabuti yake.

"Sasa huu ni wa kuswalia, Mzee?"

"Leo ndiyo. Karibu."

Akayavua, akaketi.