Voahirana Akataa Kushika Chaki

Siku Voahirana alipoiweka chaki mezani na kusema haandiki tena, wanafunzi walidhani anaumwa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa amefundisha uthibitisho wa hisabati katika chuo cha mji wa Fianarantsoa vilevile alivyofundishwa yeye: mhadhiri anaandika, darasa linanakili, mtihani ukija wanayatapika yote neno kwa neno.

"Leo tunasoma," alisema. "Sentensi moja moja, kwa sauti. Hatuendi ya pili mpaka mtu aniambie ya kwanza imetoka wapi, na aliyeiandika alikuwa anahofia nini."

Tahina, binti aliyefeli somo hilo mara mbili, akacheka huko nyuma. "Mwalimu, hisabati nayo ina hofu?"

"Haina. Mwandishi wake ndiye aliyehofia kukosea, kama wewe. Haya, soma."

Saa nzima ikaishia kwenye mistari minne. Habari zikamfikia mkuu wa idara, Profesa Rakotozafy, ambaye kitabu cha somo alikitunga yeye. Wiki iliyofuata akaja, akaketi mbele, mikono kifuani.

Voahirana hakubadili kitu. Tahina alikuwa akisoma, mara akasita.

"Hapa tunaambiwa tugawanye pande zote kwa *a*. Nani katuhakikishia kwamba *a* si sifuri?"



"Hilo linajulikana," Profesa akasema.

"Linajulikana na nani, Profesa? Nimesoma tangu juu, sijaliona."

Profesa akainuka. "Bibi Voahirana, muhula huu una sura sita, wewe bado uko ya kwanza. Shika chaki, au darasa nampa mwingine."

"Mpe! Miaka yote hii watoto wa watu wamenakili kosa hilo, na mimi nikawapa alama kwa kulinakili. Sirudi huko."

Darasa akapewa mwingine kweli. Voahirana akabaki kusahihisha mazoezi ya mwaka wa kwanza, na nyongeza ya mshahara ikayeyuka. Lakini kila Alhamisi mchana alikaa kwenye ngazi za nje, shuka begani kwa baridi, kitabu mapajani. Walianza wanafunzi sita, wakitafuna mihogo ya kuchemsha huku wakibishana juu ya neno "basi" katikati ya uthibitisho. Kufikia Juni walikuwa arobaini, na Tahina alikuwa amefaulu.

Chapa mpya ya kitabu cha Profesa ikatoka na mstari mmoja wa ziada: *a* isiwe sifuri. Shukrani hakuna. Profesa akamtuma karani na ujumbe kwamba ngazi si darasa.

"Mwambie sifundishi," Voahirana akajibu bila kuinua macho. "Tunasoma. Akitaka, aje akae."