Mke Mwenza wa Mfukoni

Tangu macho ya mumewe yafe, mshonaji alimsomea gazeti kila asubuhi kabla ya kukalia cherehani. Miaka tisa. Mume, fundi saa wa zamani, alikuwa akiinamisha kichwa upande wake na kumsikiliza mpaka chai ikapoa.

Kisha binti yao akaleta simu inayosoma. Ilikuwa na sauti ya mwanamke, laini, isiyokohoa wala kuchoka. Wiki haikuisha, mzee akawa anaamka nayo. Mshonaji akifungua gazeti, anaambiwa kwa upole, "Pumzika, mama. Nimeshasomewa."

Apumzike! Jirani alipomsifia mzee kwa bahati hiyo, mshonaji alisema mumewe kaoa mke mwenza asiyekula. Wakacheka wote isipokuwa yeye. Alijiuliza kama kitu kile ni chema, akaona hawezi kukikana: mzee alisoma barua zake mwenyewe, akampigia amtakaye bila kuomba msaada, uso ukanawiri. Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Siku moja akaificha simu chini ya vitambaa. Mzee akapapasa meza asubuhi nzima, asiulize neno. Vile vidole vikitafutatafuta vilimshinda mshonaji. Akaitoa, akadai ilianguka.

Mzee akaipokea, asiiwashe.

"Yule rafiki yangu tuliyekaa naye meza moja kazini alifariki miaka minne iliyopita," alisema. "Juzi simu hii imenisomea tangazo la kumkumbuka. Wewe ukurasa ule hukuwahi kunisomea."

Ni kweli, matangazo ya vifo mshonaji alikuwa akiyaruka.

"Nilikuonea huruma, baba."

"Najua. Lakini miaka minne nimemnunia mtu kwa kutonitembelea, kumbe yuko kaburini."

Mshonaji akaomba radhi, akakiri na la kuficha simu. Mzee akasema alijua. Jumamosi mshonaji akamshika mkono wakaenda kwa mjane wa rafiki yule, wakakaa hadi alasiri.

Wivu haujaisha. Sauti ile ikisoma siasa na michezo, mshonaji hukanyaga cherehani kwa nguvu ili mlio uimeze. Ila matangazo ya vifo mzee hataki kuyasikia kutoka kwenye simu, anasema inataja marehemu kama bei ya saruji. Hapo humwita mkewe, naye husoma polepole, jina kwa jina, hata yale anayojua yatamuumiza.