Apolonia na vidonge vilivyomnenepesha

Saa kumi na moja alfajiri Apolonia Shigela ameshaamka, ila vidole vyake bado. Vimevimba kwenye viungo, vimejikunja viganjani, havitaki kusikia la mtu. Mumewe, Ngeleja, anamwekea beseni la maji ya moto. Anatumbukiza mikono, anauma mdomo, anasubiri.

"Saa nne vitafunguka," anasema. "Pamba nayo haingoji saa nne."

Apolonia, mwenye miaka 36, ni mkulima wa pamba hapa Ngulyati, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Kuchuma pamba ni kazi ya ncha za vidole: unabana, unavuta, majani makavu yanabaki kwenye mti. Ugonjwa wake ni baridi yabisi, ule unaoifanya kinga ya mwili igeuke na kuvila viungo vyenyewe. Ulimwanza mwaka 1992, miaka minne sasa, akiwa ananyonyesha mtoto wake wa mwisho, Winnie.

Majirani hawakuuita ugonjwa. Wangeuitaje? Asubuhi hawezi kushika kikombe, mchana wanamwona na jembe. "Waliniita mvivu wa asubuhi," anasema. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kilichomuumiza zaidi ni magoti. Huku kwetu mke akimwamkia mama mkwe hupiga magoti, basi, hakuna mjadala. Apolonia alifika mbele ya mama mkwe wake, Bibi Kwandu, akasema "Mwangaluka, mayu", yaani umeamkaje mama, akiwa amesimama wima kama karani wa kodi. Bibi Kwandu akageuza uso. Kwa miezi minane hakuitikia salamu ile.

Mganga alimchanja chale magotini, wapi! Zahanati walimpa aspirini mpaka tumbo likamuunguza. Kisha biashara huria ikafika. Maduka ya dawa ya watu binafsi yakaota kila kona mjini, na muuzaji mmoja akamfungia vidonge vya pinki kwenye kipande cha gazeti, bila jina.

"Viwili asubuhi, viwili jioni," alimwambia. "Utanishukuru."

Na kweli alishukuru. Siku ya tatu alitembea hadi kwa Bibi Kwandu, akapiga magoti. "Mwangaluka, mayu." Mama mkwe akalia machozi. Msimu ule Apolonia alichuma hadi kilo thelathini kwa siku. Uso ukajaa, mashavu yakawa ya mviringo, na kijiji kizima kikasifu: Apolonia kanawiri, kapona! Bibi Kwandu akamchinjia mbuzi. Nani angeshtuka? Kwetu mgonjwa hukonda, aliyenenepa amepona.

Alivimeza mwaka mzima na miezi miwili. Machi mwaka huu aliteleza kisimani akiwa na nusu ndoo ya maji. Alianguka kidogo tu, na mfupa wa mkono wa kulia ukavunjika.

Tabibu Constantine, aliyempokea hospitalini mjini, hakuanza na mkono. Alimtazama usoni. "Mama, unameza vidonge gani?" Apolonia akamwonyesha kwa fahari.

"Ni prednisoloni," anaeleza tabibu. "Ni dawa halali, kwa dozi ndogo na mgonjwa akiangaliwa. Yeye alimeza dozi kubwa bila kujua anameza nini. Unene ule haukuwa afya. Ilikuwa dawa inamjaza usoni huku inamla mifupa."

Wala hakuruhusiwa kuiacha ghafla, kwa kuwa mwili ulioizoea ungeweza kuzima. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Anaipunguza robo kwa robo. Mwezi Mei akaanzishiwa klorokwini, dawa ileile ya malaria, ambayo huwatuliza baadhi ya wagonjwa wa viungo, lakini kwa mwendo wa kinyonga: wiki kumi na mbili, pengine zaidi. Iko dawa nyingine yenye nguvu zaidi, ya kumeza mara moja kwa wiki, inayodai damu ipimwe kila mara. Hiyo mpaka Mwanza. Mtamba pekee wa nyumba hii ameshauzwa kwa ajili ya mkono uliovunjika, maana siku hizi hospitalini nako ni kuchangia.

Amefundishwa kunyoosha vidole ndani ya maji ya moto, na seremala amemchongea kibao cha kuegemeza kifundo cha mkono anapolala. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimeshapinda. Havitarudi, hata kwa dawa ya Mwanza.

"Tunapigania mkono wa kushoto," anasema tabibu.

Sasa ni Juni, pamba imepasuka shambani, na Apolonia anachuma kilo saba. Klorokwini inamuwasha mwili mzima. Magoti yamegoma tena. Mashavu yamepungua, na kijiji kimeona. "Hospitali inamuua," wanasema. "Ana homa gani ya kumezea klorokwini kila siku?"

Wiki iliyopita Bibi Kwandu alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Safari hii hakugeuza uso. Alifungua pindo la kanga, akatoa kifurushi cha gazeti. Alikuwa ameuza kuku wake wawili.

"Mwanangu, rudi kwenye dawa yako. Sitaki kukuzika."

"Mayu, hiyo ndiyo inayonizika."

"Ilikunenepesha! Niliona kwa macho yangu haya."

Apolonia alikipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kikamponyoka. Bibi Kwandu akakiokota, akakichomeka kwenye tundu la ukuta juu ya kitanda. Kiko hapo hadi leo, na usingizi unapokataa, Apolonia hukitazama.

"Nataka wiki ya kumi na mbili inikute na mkono wangu wa kushoto," anasema. "Nikifika, nitakwenda kwa mayu nipige magoti, kwa dawa yenye jina."

Saa nne imefika. Maji yameshapoa, na vidole viwili tu vimefunguka. Ngeleja ameshatangulia shambani na gunia. Apolonia anamwona mwandishi akiandika, anamwita arudi karibu.

"Andika niko wiki ya tano," anasema, macho yakiwa ukutani. "Ila usiandike kwamba vile vidonge nimevitupa."