Mgeni Asiyeandikwa Kwenye Daftari

Jengo la wanafunzi wa shahada za juu lilikuwa na sheria nyingi kuliko ngazi zake, na ngazi zilikuwa tisini na mbili. Sheria ya saba ilisema: mgeni aandikwe kwenye daftari la mlangoni, na asilale zaidi ya siku tatu. Binti mmoja wa ghorofa ya nne, waliyempachika jina la Profesa kabla hata hajamaliza sura ya pili ya utafiti wake, alikuwa amemficha mama yake siku ya kumi na moja sasa. Mama alikuwa amepasuliwa jicho, bandeji bado i usoni.

"Mama, ukisikia kishindo, funga komeo, ingia chini ya kitanda. Usifungue hata wakikuita."

"Hata dunia ikipasuka?"

"Hata ikipasuka."

Mama akaapa. Na mama yule akishaapa, ng'ombe sita hawamng'oi.

Basi saa nane mchana, Profesa yuko chini anafua, kengele ya moto ikalia. Ililia mpaka paka wa mtaa wa pili wakatubu dhambi zao. Moshi ukafuka kutoka jiko la ghorofa ya nne. Watu wakamiminika uani, huyu na kompyuta, yule na taulo tu. Bi Funguo, mwangalizi wa jengo, akafungua daftari akaanza kuita vyumba.

"Arobaini na moja?"

"Nipo!"

"Arobaini na mbili?"

Hicho ndicho chumba cha Profesa. Akiitikia tu, chumba kimetimia, hakuna atakayepanda kumtafuta mtu. Akisema kweli, kesho begi lake liko barabarani, na mama mwenye jicho moja kalikalia. Akainua macho kuitazama dirisha lake, akayashusha kwenye daftari.

"We Profesa, umemeza ufunguo? Upo au hupo?"

"Nipo... lakini hatujatimia. Mama yangu yumo ndani."

Bi Funguo alitupa daftari akazila ngazi nne nne. Visigino vilitoa cheche, haki ya Mungu. Profesa nyuma yake, macho yanamchoma kwa moshi.

"Mama! Fungua! Moto!"

Kikohozi, halafu sauti kutoka chini ya kitanda: "Hakuna mtu humu!"

"Mama, ni mimi!"

"Hata sauti yake mmeiiga, wachawi wakubwa!"

Bi Funguo akaupiga mlango bega. Komeo halikutikisika. Profesa akalia kwa nguvu: "Mama, nikiwa mchanga ulinisahau sokoni kwenye tenga la viazi!"

Komeo likalia.

"La vitunguu," mama akasema, akitambaa nje.

Wakambeba mzobemzobe hadi uani. Kumbe ni maharage ya mtu yaliyosahaulika jikoni. Lakini Bi Funguo hakucheka. Aliokota daftari na kalamu, akakitazama chumba cha arobaini na mbili kwenye orodha.

"Ungeitikia tu, ningefunga hesabu," alisema polepole. "Ningeandika wote wapo."

"Na sasa, Bi Funguo?"

"Barua ya onyo utaipata kesho. Mama ana siku tatu, zinaanza leo."

Profesa alitaka kusema asante. Badala yake alichukua kalamu, akaandika jina la mama yake kwenye daftari.