Kituo cha Kawangware Kinaita

Gundi ya unga wa ngano ikikaa siku mbili tatu huanza kunuka uchachu, na harufu hiyo hadi leo hunirudisha darasani kwetu, mtaa wa Kawangware 46. Kwa gundi hiyo tuliunganisha maboksi ya sabuni tukajenga chombo cha kwenda Mwezini, kikajaa kona nzima. Mwalimu Wafula wa sayansi hakutaka tukariri mambo ya anga, alitaka tuyafanye. Wanaanga walijifungia humo ndani wakinyonya githeri, mahindi na maharagwe, kupitia kona ya pakiti ya maziwa, kwa sababu huko juu chakula huelea, na maharagwe yakikwama tulicheka hadi mbavu zikauma. Nahodha alikuwa Akinyi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Mimi nilikuwa kituo cha duniani, nje dirishani, nikizungumza naye kwa mikebe miwili iliyounganishwa kwa uzi. Sheria ya mwalimu ilikuwa moja: kituo hakiachi kuita mpaka chombo kiitike. Shule ilifungwa kabla hatujatua. Tutatua Januari, mwalimu akasema.

Januari ya 2008 ilitukuta tumejifungia nyumbani kweli kweli, moshi wa matairi ukipenya chini ya mlango. Baada ya uchaguzi watu walikuwa wakiulizwa kabila barabarani. Kina Akinyi walikimbilia kwa shangazi yake Kibera bila hata kuaga, na simu ya mama yake ikawa haipatikani. Kisha tukasikia Soko la Toi, mama yake alikouza mitumba, limeteketea. "Wako salama, Mutheu," mama aliniambia, huku akikwepa macho yangu. Niliogopa mno, na sikumwambia mtu.

Shule ilipofunguliwa, madawati mengi yalikuwa matupu. Wenzangu walitaka nahodha mwingine, nikakataa katakata. Kila mapumziko nilikwenda dirishani nikauinua mkebe: "Nahodha, kituo kinaita." Uzi ulining'inia tu, umelegea. "Wacha kungoja, huyo alishaenda ushago, kijijini kwao," walinicheka. Mwalimu alitusikia, na chombo akakiacha pale pale.

Siku moja uzi ukavutwa ukanyooka. Nikajua ni wale wavulana wa dawati la nyuma wananichezea, nikawatukana ndani ya mkebe, matusi ambayo mama angeyasikia ningelala njaa. Kisha ikaja sauti nyembamba: "Kituo, sasa ndiyo mnapokea nahodha hivyo?"

Nikakaa chini nikilia. Mama yake alikuwa amemleta, na Akinyi alipita moja kwa moja hadi chomboni kabla ya kumsalimu yeyote.

"Uko wapi?" nikauliza, kana kwamba sijui.

"Humu ndani. Tumetua. Kuna githeri?"

Siku hizi mpwa wangu, anayesoma Riruta, huvaa miwani ya kielektroniki inayomwonyesha Mwezi wenyewe, na ninamfurahia. Lakini uchaguzi ukikaribia moyo wangu bado hunibana, na Akinyi anajua. Siku ya kura, akishafika kwake, hunipigia kabla hata hajavua viatu.

"Kituo, nimetua."

Ndipo ninapoweka simu chini.