Siku Saluni Nzima Ilipofanyiwa Mahojiano ya Chuo Kikuu

Nimewahi kufanyiwa mahojiano ya chuo kikuu mikono yangu yote miwili ikiwa kwenye kichwa cha bibi harusi, na swali la kwanza akalijibu mama aliyekuwa ndani ya draya.

Mnacheka? Subirini kwanza. Aliyesimama atafute pa kukaa, mimi sihadithii watu waliosimama.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba kimoja, vioo viwili, na benchi refu la wanaosubiri zamu na wasiosubiri chochote. Ukija kusukwa utasukwa. Ukija kupiga soga, karibu. Ukija kulia, taulo zipo.

Jina langu hapo ni Dada Spika.

Nimelipata kwa haki. Msusi hana mkono wa kushika simu. Mmoja una kitana, mwingine una mafuta. Kwa hiyo simu ikilia, aliye karibu anabonyeza, anaweka spika, naongea huku kazi inaendelea. Awe shangazi, awe mume wa mtu anayemtafuta mkewe, anasikika mpaka barabarani.

Ndiyo maana benchi langu halikauki.

Sasa, nina mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Mimi nikimeza neno naumwa tumbo. Yeye akilitoa ndio anaumwa. Saluni nzima inamwita Kimya.

Nimemlea mwenyewe. Mama alipotutoka, mimi ndio kwanza nilikuwa nimemaliza sekondari, tena nimefaulu vizuri tu, msinione hivi. Nikasema chuo nitaomba mwakani, mtoto akitulia. Mwakani ikazaa mwakani, na hiyo nayo ikazaa. Cheti nikakizika chini ya mashuka sandukuni, nikashika kitana.

Kimya naye akamaliza shule, akakaa mwaka mmoja akinisaidia saluni. Nikamwambia, "Mdogo wangu, usinizoee. Chuo unaomba, na unaomba mwaka huu."

Akaomba. Akawa ameinamia simu kila jioni kama kuku anayenywa maji.

Siku moja akanijia: "Dada, naomba cheti chako cha sekondari."

"Cha nini?"

"Wanataka na cha mlezi."

Nikampa. Siku nyingine akanisimamisha ukutani, akanipiga picha nimekaza uso kama askari.

"Na hii?"

"Ya kubandika mlangoni. Wateja wakujue."

"Nani mtaa huu asiyenijua mimi?"

Hakujibu. Si ndiyo jina lake.

Jambo moja tu alilisisitiza. "Dada, namba niliyoandika ni ya saluni. Watu wa kozi ya ustawi wa jamii wanapiga kuhoji waombaji. Wasipompata mtu, nafasi wanampa mwingine. Tafadhali simu isizimike."

Ustawi wa jamii ni ile kazi ya kusaidia familia zenye matatizo. Nikajiuliza moyoni, mtu asiyeongea atawasaidiaje? Atawatazama?

Lakini ndoto ya mtoto haichekwi. Simu nikawa nalala nayo.

Basi ikafika siku ya siku.

Saluni imejaa. Kitini yupo bibi harusi, ndoa ni kesho, nimeshampaka dawa ya kulainisha nywele kichwa kizima. Wanaoijua dawa wanajua: ina muda wake. Ukichelewa kuiosha, inachukua nywele inakuachia kidonda.

Ndani ya draya, ile kofia ya kukaushia nywele, yupo Mama Pacha, muuza mitumba, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Mama Pacha akiwa kwenye draya hasikii, basi anaamini na sisi hatusikii. Anaongea kama anamwita mtu ng'ambo ya mto.

Kimya nimemtuma dukani akalete nywele za kusukia.

Simu ikalia. Bibi harusi akanyoosha mkono, akabonyeza, akaweka spika.

"Habari za mchana. Napiga kutoka chuo kikuu, ofisi ya udahili. Naongea na Bi..." akataja jina la baba yetu, kama maofisi yanavyopenda kuita watu.

Benchini, aliyekuwa anatafuna akaacha katikati.

"Ni kuhusu ombi lako la ustawi wa jamii. Tunaweza kufanya mahojiano sasa hivi?"

Nikatazama mlangoni. Kimya hayupo. Nikasikia maneno yake kichwani: nafasi wanampa mwingine.

Dada mmoja benchini akaninyooshea kidole. Wewe! Mwenzake akaafiki kwa kichwa. Bibi harusi akaninong'oneza kupitia kioo, "Jibu, dada, jibu!"

"Ndiye mimi," nikasema, sauti nimeibana mpaka imekuwa nyembamba kama uzi.

"Vizuri. Kwa nini umechagua kozi hii?"

Kabla sijafungua mdomo, draya ikalipuka:

"NANI HUYO? NI YULE MWANAUME WA MAGODORO?"

"Samahani, hapo ulipo kuna watu?"

"Ni redio," nikasema. "Kuna mchezo wa kuigiza."

"MWAMBIE TUMEMCHOKA!"

Nikachomoa waya wa draya kwa mguu. Mama Pacha akatoa kichwa, akakuta watu wote wameweka vidole midomoni. Akauliza kwa midomo tu, bila sauti: nani kafa?

"Mchezo mzuri," ile sauti ikasema. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, na sikuweza kujua kama anacheka. "Endelea. Kwa nini kozi hii?"

Jamani, sauti ya Kimya ikanitoroka. Ikatoka yangu.

"Kwa sababu mtu mwenye shida anatafuta mahali pa kukaa na mtu wa kumsikiliza bila kumkodolea macho. Mimi nasimama nyuma ya watu. Wao wanatazama kioo, mimi natazama nywele. Mtu asiyetazamwa anasema ukweli."

"Unasuka?"

"Nasuka." Si uongo, na Kimya anasuka.

"Naona umekaa muda mrefu tangu umalize shule."

Nikashangaa. Mwaka mmoja ndio muda mrefu? Watu wa chuo nao! "Maisha, mama," nikasema. "Lakini kichwa hakijalala."

"Kuna mtu anayekutegemea?"

"Mdogo wangu. Namsomesha."

Likanitoka hivyohivyo! Kimya ana mdogo gani? Kimya ndiye kitindamimba! Benchini watu wakajiziba nyuso.

"Ndiyo, naona umeandika hapa," ile sauti ikasema, wala haikushtuka.

Nikasema moyoni, kumbe mtoto huyu ni muongo kuliko mimi!

"Dada, inawasha," bibi harusi akanong'ona.

Dawa! Nikamburuta na kiti chake mpaka kwenye beseni, Mama Pacha akabeba simu nyuma yetu kama anabeba mtoto wa ubatizo, nikafungulia maji.

"Huko kunanyesha?"

"Sana, mama."

Nje jua linawaka mpaka mbwa wamelala chini ya magari.

"Swali la mwisho. Kazi hii inahitaji mtu anayejua kutunza siri. Wewe unaweza?"

Hapo benchi likafa. Mmoja akaangusha kichwa mapajani, mabega yanaruka. Mwingine akauma kanga yake. Mimi! Dada Spika! Kutunza siri!

Hasira zikanipanda kidogo, nisiwadanganye.

"Mama," nikasema, "umbea una ngazi zake. Kuna wa kuchekea na kuna wa kuzika. Hapa nilipo kuna siri nimeizika, mwenyewe amekaa humuhumu, na hajui kama najua."

Kicheko kikakatika kama umeme.

Kila mtu akamtazama mwenzake, kisha akatazama sakafu. Mama Pacha akaanza kuchunguza kucha zake.

Ukweli ni kwamba siku ile sikuwa na siri ya mtu yeyote. Nilikuwa najitetea tu. Lakini kabla jua halijazama, wanawake watatu walishanivuta pembeni mmojammoja: "Dada Spika, nani alikuambia?"

Basi nikawa nazo tatu.

"Asante," ile sauti ikasema. "Majibu yatakuja kwa namba hii. Na pole na mvua."

Ikakatika. Hapo sasa! Vigelegele, makofi, Mama Pacha anacheza na taulo kichwani, bibi harusi anachuruzika maji mpaka kifuani anapiga kelele kama ameolewa tayari. Nywele zake nzima, hata unywele mmoja haukung'oka.

Kimya akaingia na mfuko wa nywele. "Kuna mtu amepiga?"

"Hakuna!" saluni nzima, kwa pamoja.

Na hiyo, jamani, ndiyo siri ya kwanza kutunzwa chini ya paa lile.

Usiku sikulala. Furaha ilipopoa nikaona nilichofanya. Nimejifanya mtu mwingine mbele ya chuo kikuu! Wakigundua, watamfuta Kimya, na mtoto hajui lolote. Nimlee miaka yote ile, kisha mdomo wangu uje umbomolee?

Kila simu ikilia najichoma na kitana. Nilimsuka mteja mmoja mistari ikaenda kama njia ya mlevi. Kimya ananitazama, hasemi.

Wiki ikapita. Adhuhuri moja ujumbe ukaingia. Mikono yangu ina mafuta, Kimya anafagia, Mama Pacha akachukua simu akasoma kwa sauti:

"'Ofisi ya udahili ina furaha kukujulisha kwamba umechaguliwa kujiunga na masomo ya ustawi wa jamii, masomo ya jioni...'"

Kelele! Nikamkumbatia Kimya na mafuta yangu, nikamchafua mpaka shingoni.

"Ngojeni," Mama Pacha akasema. "Ngojeni kwanza. Wamekosea."

"Wamekosea nini?"

"Jina. Si la Kimya hili. La ubini ndilo, lakini la kwanza... huyu simjui. Wamempa mtu mwingine!"

Benchi likashika tama. "Masikini Kimya." "Ndio mambo yao hao."

"Soma hilo jina," nikasema.

Akasoma.

Kitana kikaniponyoka.

Jina lile lilikuwa halijaitwa tangu mama afariki. Miaka yote ile nimeketi na wanawake wale, nimesuka harusi zao na misiba yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia.

"Mama Pacha," nikasema, "huyo ni mimi."

Kimya akaegemeza ufagio ukutani. Akasema maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima.

"Yangu niliomba nikaweka namba yangu. Mahojiano nilifanyia kwa jirani, pasipo na draya. Nafasi nimepata tangu juzi. Hii niliomba kwa jina lako."

"Umepata tangu juzi na hukusema?"

"Hukuniuliza."

"Na hili la kuniombea mimi, mbona hukuniambia?"

"Ungesema mwakani." Akaangalia chini. "Au ungekubali, wakikupigia ungevaa sauti ya kuazima ukakwama. Lakini ukidhani ni yangu, nilijua utapigana mpaka na simu yenyewe. Sikuhitaji uigize, dada. Nilihitaji usiogope."

"Kwa hiyo siku ile..."

"Nilisharudi kutoka dukani. Nilikuwa dirishani. Nilisikia mpaka mvua."

Wazia. Nimekosa usingizi wiki nzima kwa kosa la kujifanya mimi!

Nilitaka kumchapa, nikalia. Taulo zikaletwa, zile za wateja. Mama Pacha akawa analia kuliko mimi, kisha akasimama katikati kama mwenyekiti: "Saluni haifungwi! Jioni akienda chuo, mimi nitashika ufunguo." Tangu lini anajua kusuka? Hajui. Lakini benchi lilimpigia makofi.

Siku ya kwanza darasani nilikaa nyuma, kati ya vijana ambao ningeweza kuwa shangazi yao. Akaingia mwalimu, mama wa makamo, miwani puani. Akaita majina. Alipofika kwangu nikaitika.

Akavua miwani.

"Nywele za yule aliyekuwa anawashwa zilipona?"

Mungu wangu, ile sauti!

"Zilipona, mwalimu. Hata mvua ilikatika."

Akacheka mpaka akashika meza. Kipindi kilipokwisha akanisogelea, akatazama huku na huku, akainamisha kichwa kama mteja wangu yeyote.

"Hebu niambie. Ile siri uliyoizika... ilikuwa ya nani?"

Nilizikumbuka zote tatu, ya mkubwa na ya mdogo. Ulimi ukawasha kama dawa ya nywele.

"Mwalimu," nikasema, "hiyo ilishazikwa."

Akanipiga begani. "Nilikuwa napima tu. Kaa hivyohivyo."

Alikuwa anapima wapi! Macho yake niliyaona. Yule nikimpata saluni, benchi langu linapata mtu mpya.

Sasa mnaotaka la kuondoka nalo, chukueni hili. Sote tunajua kumpigania ndugu, mtoto, hata jirani, kwa sauti kubwa na bila aibu. Zamu yetu ikifika tunasema mwakani. Mimi nafasi yangu niliipata kwa sababu nilidhani ni ya mtu mwingine. Wewe usingoje kudanganywa. Jipiganie kama unavyompigania mdogo wako.

Haya, mafuta yananikaukia mikononi. Anayefuata aje akae kitini.